Uteuzi wa Filta za ND kwa Mandhari ya Tabora

Filta ya ND ni kioo au plastiki ya kijivu inayowekwa mbele ya lenzi ili kupunguza mwanga bila kubadili rangi, na nguvu yake hupimwa kwa hatua, ambapo kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu. Filta iliyoandikwa 0.3 hupunguza hatua 1, ya 0.9 hupunguza hatua 3, ya 1.8 hatua 6, na ya 3.0 hatua 10, yaani hupitisha takriban sehemu moja tu ya mwanga kati ya 1,000. Mifano mingi ya matumizi yake huhusu mawimbi na maporomoko ya maji, ambavyo havipatikani Ntalikwa, kata ya Manispaa ya Tabora iliyo kwenye uwanda wa juu wa Unyamwezi, katika nchi iliyopitiwa na misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo na Ujiji. Kwa sababu hiyo, mpiga picha wa huko anapaswa kuuliza kwanza ni kitu gani kinachosogea katika fremu yake na upeo wa macho una umbo gani, kabla ya kuuliza kioo kiwe cheusi kiasi gani.

Kinachosogea mara nyingi ni mawingu, majani na watu. Katika jua kali, kwa tundu la f/16 na ISO 100, shata hufunguka kwa takriban 1/100 ya sekunde. Filta ya hatua 6 huufikisha muda huo kwenye sekunde 0.6, na ya hatua 10 kwenye sekunde 10 hivi. Muda wa pili unaweza kuwafifisha wapita njia mbele ya Tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872, mradi wasisimame mahali pamoja, lakini upepo ukivuma huigeuza miembe kuwa ukungu wa kijani. Alfajiri, shata inapohitaji 1/8 ya sekunde, hatua 6 peke yake hutoa sekunde 8, muda unaotosha kulainisha viwimbi vya Bwawa la Igombe.

Umbo la upeo ndilo huamua filta ya mpito, ambayo nusu yake ya juu ni nyeusi na ya chini ni angavu, na ambayo hutengenezwa kwa umbo la mstatili ili mpaka wake uweze kupandishwa au kushushwa ndani ya kishikizi. Yenye mpaka mkali huifaa Igombe, ambako maji na anga hukutana karibu na mstari ulionyooka. Palipo na miombo na miembe hukata vichwa vya miti kwa kivuli kisicho cha asili, hivyo mpaka laini ndio unaofaa. Mbingu ikiizidi ardhi kwa hatua 3, filta ya 0.6 inatosha, kwa sababu hatua 1 inayobaki huiacha mbingu iwe angavu kuliko ardhi, kama jicho linavyoiona.

Tabora iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo jua huchomoza na kuzama karibu wima na mwanga laini hupita upesi, jambo linalofanya filta mbili kuwa kikomo cha busara. Filta zikirundikwa, pembe za picha hutiwa giza, na vumbi la kiangazi linalonasa kati ya vioo hutawanya mwanga wa jua lililo chini. Filta ya kuzungusha, inayounganisha vioo viwili vya kupolaraizi, huonekana kuwa jibu rahisi, lakini kwenye lenzi pana ikizungushwa hadi mwisho huweza kuchora msalaba mweusi katikati ya anga.

Anayeanza, kwa hiyo, anunue kwanza filta ya mpito laini ya 0.6, kisha ya hatua 6, huku ile ya hatua 10 ikisubiri hadi kazi ya mawingu ya mchana au ya kuondoa watu iidai.