Tovuti Nzuri Huonekana kwenye Simu ya Bei Nafuu

Fundi akikuonyesha tovuti aliyoitengeneza kwenye laptopu yake, ndani ya ofisi yenye waifai, bado hajakuonyesha kitu. Chukua anwani uifungue mwenyewe kwa simu ya kawaida na bando lako, ukiwa Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam, jioni, watu wote wamerudi kutoka makazini na mtandao umeelemewa. Wanunuzi wengi wataiona katika hali hiyo.

Kinachomuumbua fundi mvivu mapema ni picha. Picha ya simu za siku hizi hufika hata MB 4. Akipachika kumi kama zilivyo, ukurasa mmoja unakula MB 40 za mtu aliyetaka kujua bei ya kochi tu. Anayejua kazi huzipunguza hadi KB 150 hivi kila moja, na jicho lisione tofauti. Kisha gusa namba ya simu. Ikipiga papo hapo, sawa. Ikiwa imechorwa ndani ya picha, mteja aikariri ndipo apige, basi umeuziwa bango la barabarani.

Soma na maneno yenyewe. Nimeona tovuti ya duka la Tandika imejaa Kiingereza cha kuazima, na chini kabisa anwani ya mji wa Marekani iliyokuja na kiolezo. Hakuna aliyejisumbua kuifuta.

Watu hupenda kuuliza kama fundi anaandika msimbo mwenyewe au anatumia mfumo ulio tayari wa WordPress. Swali hilo halina uzito mkubwa. WordPress ipo tangu 2003 na inabeba tovuti kubwa duniani. Muulize kiolezo amekilipia au amekiokota, kwa sababu vya wizi mara nyingi huja na mlango wa wadukuzi. Na kama tovuti inakusanya majina na namba za watu, anapaswa kuijua Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Lakini tuseme kweli, kazi mbovu nyingi huanzia kwa mteja. Anataka tovuti kama ya kampuni kubwa, maelezo hatoi, nembo anapiga picha kibao cha dukani na kuituma WhatsApp, ambako inazidi kufifia. Halafu kila usiku: “Nibadilishie rangi kidogo tu.” Hapo ndipo ufundi unapopimwa. Fundi wa “hamna shida, bosi” kwa kila ombi ni wa kuogopwa. Atachoka, atazima simu. Aliyekomaa huandika makubaliano kabla ya kupokea advansi: kurasa ngapi, marekebisho mara ngapi, maandishi yanaletwa na nani na lini. Tena huthubutu kukuambia kwamba rangi unayoitaka haisomeki juani.

Mwisho, jina la tovuti limesajiliwa kwa nani? Majina ya .tz yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na kila jina lina mwenyewe kwenye kumbukumbu za usajili. Likiwa la fundi, siku mkikosana anaondoka nalo, ingawa aliyelipa ni wewe. Kabla ya kumalizia malipo, dai usajili kwa jina lako, pamoja na maneno ya siri ya seva na ya tovuti yenyewe. Akikuambia utapewa kesho, naye mwambie fedha iliyobaki ataipata kesho hiyo hiyo.