Kama Mjerumani Angebaki: Uhakiki wa Sentensi Moja

Katika vijiwe vya Kayanga na Omurushaka wilayani Karagwe, na hata ukifika Nkwenda upande wa Kyerwa, kuna sentensi ambayo haikosi msemaji: "Mjerumani angebaki, tungekuwa mbali." Anayeisema hutaja reli na maboma ya mawe, kisha hunyamaza kama mtu aliyeshinda kesi. Wengi wetu huipokea kama soga tu. Mimi nadai kwamba ni kazi ya fasihi, tena ina utanzu wake: historia mbadala, yaani masimulizi ya dola ambayo haikupoteza makoloni yake. Basi tuihakiki kama tunavyohakiki riwaya.

Tuanze na fani. Sentensi ina vitenzi viwili vya -nge-. Mtendaji wa kwanza ni Mjerumani: yeye ndiye wa kubaki au kuondoka. Wa pili ni sisi, lakini hatutendi lolote. Tunajikuta "mbali" tu, kama mzigo uliofikishwa. Mgeni ndiye mhusika mkuu, mwenyeji ni mandhari.

Kwa upande wa maudhui, sentensi imefuta mengi. Hamsa ishirini, yaani viboko 25, haimo. Kodi haimo. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 havimo. Hata jiografia yake ina walakini. Mashamba ya walowezi yalikuwa Usambara, Kilimanjaro na Meru. Karagwe, tangu 1906, ilikuwa chini ya Residenti wa Bukoba, na Wajerumani waliitawala kupitia abakama. Sasa huyo Mjerumani wa kuijenga Karagwe ametoka wapi, kama si kwenye kichwa cha msimulizi?

Tusidhani kosa hili ni la wanakijiwe peke yao. Mwaka 2008 Christian Kracht, Mswisi anayeandika kwa Kijerumani, alitoa riwaya Ich werde hier sein im Sonnenschein und im Schatten. Humo Lenin hakurudi Urusi. Mapinduzi yalifanyika Uswisi, na Uswisi ikatawala Afrika Mashariki. Msimulizi ni Mwafrika mzaliwa wa Nyasa, kamisaa wa dola hiyo. Mwandishi amefaulu hasa mwishoni, pale Waafrika wanapoihama miji waliyojengewa na kwenda zao. Hapo mandhari yanainuka na kutembea! Lakini kabla ya hapo Afrika yake ni mahali pa kufunza askari wa kupigana Ulaya. Jirani na jirani hawana hata mpaka wa kugombania.

Kwetu mpaka ndio kisa chenyewe. Mto Kagera unatutenganisha na Rwanda. Wakati wa Mjerumani pande zote mbili zilikuwa ndani ya koloni moja. Ni baada ya vita, katika makubaliano ya Milner na Orts ya 1919, ndipo Ruanda-Urundi ilipoangukia Ubelgiji na Tanganyika ikawa ya Mwingereza. Hata Gisaka, ng'ambo ya mto, iliwekwa upande wa Mwingereza aliyetaka njia ya reli ya Cape hadi Cairo, kisha 1923 ikaamuliwa irudi Ruanda. Yaani historia mbadala kwetu ilikwisha kuandikwa, tena na makarani.

Twende mbele hadi 2013. Katika Operesheni Kimbunga maelfu ya watu walifukuzwa Kagera kama wahamiaji haramu, na wengi walirudishwa Rwanda, wakiwemo walioishi huku miaka mingi. Neno "haramu" linategemea mstari ule wa 1919. Hapa -nge- inauma kweli: Mjerumani angebaki, huenda mto huu usingekuwa mpaka wa nchi mbili. Lakini kiboko nacho kingebaki. Riwaya ya maana lazima ibebe yote mawili kwa mikono miwili, bila kumsaidia msomaji kuweka chini mmoja.

Kuna watakaosema haya ni kumtamani mkoloni. Sikubaliani nao. Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile (1969), alituonyesha njia: shujaa wake anakataa kulikana neno lake hata baada ya kushindwa, kwa sababu ya vizazi vijavyo. Ndoto ya lisilotokea ni mali ya wale waliolipigania. Katika sentensi yetu ya kijiweni tumemkabidhi Mjerumani hata ndoto.

Kwa hiyo, waandishi wa Karagwe na Kyerwa, iandikeni upya. Mtendaji wa kitenzi cha kwanza awe mvuvi, mchungaji, au mama anayevuka Kagera na ndizi zake. Yeye angefanya nini? Mjerumani tutamwuliza baadaye, kama bado atakuwa na kazi katika hadithi.