Hesabu ya Kilichotolewa na Hesabu ya Kilichofaa

Kuna aina moja ya maandishi ambayo wanafunzi wetu hawafundishwi kuihakiki, nayo ni taarifa ya mwaka ya shirika la hisani. Huchapwa kwenye karatasi laini, hupambwa kwa picha za watoto wanaocheka, na aghalabu husema jambo moja tu: tumetoa. Tumetoa vitabu kadha, madawati kadha, visima kadha. Msomaji hufurahi, mfadhili huridhika, na swali kubwa hubaki nje ya mlango: aliyepewa amekuwaje baada ya kupewa?

Nasema haya hali mimi mwenyewe ni mshiriki wa kosa. Nilipotoka chuo cha ualimu nikapelekwa shule ya msingi ya mashambani, shirika moja lilituletea masanduku ya vitabu vya kiada. Nilitia sahihi, nikapigwa picha. Vitabu vilifungiwa kabatini, kwa kuwa mwalimu mkuu alichelea kudaiwa vikipotea. Mwisho wa mwaka shule yetu ilitajwa miongoni mwa zilizosaidiwa. Taarifa ile haikuwa na uongo hata neno moja, wala haikuwa na faida.

Namna iliyo bora ilipata kujaribiwa papa hapa Kenya, katika wilaya za Busia na Teso. Mwaka 1996 shirika la hisani la Kiholanzi lilitoa vitabu kwa shule 25 katika kundi la shule 100. Watafiti, mmoja wao Michael Kremer, Mmarekani aliyewahi kufundisha shule ya sekondari huko Kakamega, hawakuridhika na hesabu ya vitabu. Walilinganisha alama za wanafunzi wa shule zilizopewa na za wenzao ambao walikuwa hawajapewa. Mimi ningaliapa kwamba vitabu vingeshinda. Havikushinda. Wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa mbele tangu awali. Sababu moja waliyoieleza watafiti ni kwamba vitabu vile viliandikwa kwa Kiingereza, na kwa wengi wa watoto wale Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu, baada ya lugha ya mama na Kiswahili. Walipewa ufunguo wa nyumba ambayo hawakuonyeshwa mlango wake.

Matokeo hayo yalitangazwa, hayakufichwa. Ni mashirika mangapi yangethubutu?

Tangu mwaka 1998 shirika lilo hilo lilijaribu jambo la bei ndogo zaidi: dawa za minyoo. Shule 75, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, ziligawanywa mafungu matatu, kila fungu likaanza kupewa dawa kwa zamu yake. Watafiti waliona utoro umepungua kwa robo. Hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika, maana minyoo ilipopungua kwa jirani ilipungua na njiani kwao. Lakini alama za mitihani hazikupanda. Hapa, msomaji wangu, pana fundisho ambalo wasifu wa utafiti huu hulipita mbio. Lau shirika lingalipima alama peke yake, lingaliitupa dawa. Lilipopima mahudhurio, liliishika. Anayechagua kipimo amekwisha kuchagua nusu ya jibu, na aghalabu mchaguzi si mzazi wala mwalimu.

Nina shaka nyingine. Fungu la tatu lilingoja hadi mwaka 2001. Hujibiwa kwamba shirika halikuwa na uwezo wa kuzifikia shule zote kwa mara moja, kwa hiyo wengine wangengoja kwa vyovyote. Jibu hilo lanitosha nusu. Aliyengoja alikuwa mtoto mwenye minyoo tumboni.

Hata hivyo njia hii ina heshima yake, kwa sababu hujiweka wazi isahihishwe. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianza kuwapa watoto wa shule dawa hizo kwa mamilioni. Mwaka 2015 wataalamu wa London, wakitumia takwimu walizopewa na watafiti wenyewe, waliipitia kazi ile upya wakaonyesha makosa kadha ya hesabu. Mabishano makali yalizuka. Mwaka 2019 Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, na mabishano hayakunyamaza kwa ajili ya tuzo.

Ama shule yangu ya kwanza, mjumbe wa shirika letu alirudi mwaka uliofuata kuhesabu vitabu. Vilikuwa vyote, visafi. Nilimwomba aweke kalamu chini, nikatoa kitabu kimoja, nikamwita mtoto wa darasa la nne asome. Mtoto alisoma maneno matatu, akanyamaza, akanitazama. Mjumbe alifunga daftari lake, kisha akalifungua tena, akaniuliza mtoto yule husoma nini akiwa nyumbani.