Ufa wa Pampu Hautaki Moto Mkali

Anayepita barabara kuu ya Dar es Salaam–Iringa huijua Ruaha Mbuyuni kwa vitunguu vinavyouzwa kando ya lami. Vitunguu hivyo hulimwa kwa umwagiliaji, na pampu ikiharibika msimu ukiwa umepamba moto, majaruba hukauka. Magamba ya pampu nyingi ndogo za petroli ni ya alumini ya kumimina. Bolti zikikazwa kupita kiasi, magamba hayo hupasuka, na wengi hulikimbiza gamba kwa fundi wa kuchomelea mageti.

Huko ndiko linakoharibikia. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 hivi, na haiwi nyekundu kwanza kama chuma. Ukisubiri rangi, unapata tobo. Tena ngozi yake ya oksidi haiyeyuki hadi nyuzi 2,000 na zaidi, kwa hiyo ndani pameshakuwa uji ilhali juu bado pagumu.

Nilijaribu vijiti vya mchanganyiko wa zinki na alumini, vinavyoyeyuka chini ya nyuzi 400, pamoja na tochi ndogo ya gesi. Gamba lilikuwa kuukuu, lenye ufa wa urefu wa kidole. Niliosha mafuta kwa sabuni, nikatoboa kitundu kila mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia, nikaupanua kwa tupa, kisha nikasugua kwa brashi ya waya hadi alumini ikang'aa.

Mara ya kwanza nilikipiga moto kijiti. Kilidondoka matone kama shanga, yakabanduka kwa ukucha. Mara ya pili nilipasha gamba lenyewe, nikaondoa moto, nikagusisha kijiti. Kiliyeyuka kwa joto la gamba. Nikakwaruza kwa brashi chini ya ule uji ili kuvunja oksidi, nao ukazama ufani. Niliacha lipoe lenyewe, maana kulimwagia maji likiwa la moto ni kuita ufa mpya. Nilipolijaza maji, halikuvuja.

Nilijaribu pia chuma cha kulehemu cha umeme, cha wati 60. Kiliunga nyaya vizuri, kwani lehemu ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Kwenye mrija wa shaba wa bomba la kupulizia dawa kilishindwa: shaba husambaza joto haraka kuliko ncha inavyolitoa. Tochi ndiyo iliyomaliza kazi.

Njia hizi zina mipaka. Usizitumie kwenye fremu ya pikipiki, kwa kuwa kiungo hakitabeba uzito wake. Usiweke lehemu ya risasi kwenye chombo cha maji ya kunywa, kwani risasi ni sumu. Tenki la petroli usilisogezee moto kabisa, hata likiwa tupu, maana mvuke uliobaki hulipuka.

Kwa gamba la pampu, safisha hadi ling'ae, pasha gamba lenyewe, na kijiti kije mwisho.