Kamusi elezo si bango la kutangazia programu

Juma lililopita mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea rasimu ya makala aliyonuia kuyaweka katika Wikipedia ya Kiswahili. Mada ilikuwa Ushahidi, ile programu iliyoundwa na Wakenya mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu. Nilifurahi, maana wanaoandika kuhusu teknolojia kwa Kiswahili si wengi. Kisha nikaanza kusoma.

Sentensi ya kwanza ilidai kuwa Ushahidi ni "programu ya kipekee inayorahisisha mawasiliano na kuboresha maisha ya mamilioni". Ya pili ikaongeza kwamba "imesifiwa kote ulimwenguni". Nilifika mwisho wa aya bila kujua programu yenyewe hufanya nini. Marejeo yalikuwa matatu, yote kutoka tovuti ya wenye programu. Yaani makala kuhusu Ushahidi hayakuwa na ushahidi!

Hebu tuitazame lugha hiyo. Rahisisha, boresha, wezesha, imarisha: kauli ya kutendesha ndiyo kipenzi cha watangazaji wa biashara. Kiambishi hicho kidogo, -ish- au -esh-, hubeba dai zito kwamba jambo lilikuwa gumu, programu ikaja, likawa jepesi. Ni nani aliyepima kabla na baada? Nayo "imesifiwa" ni kauli ya kutendwa iliyonyofolewa mtenda. Imesifiwa na nani, lini, kwa lipi? Sarufi yetu imetupa "na" ya kumtaja mtenda. Anayeikwepa ama hamjui mtenda huyo, ama ana lake jambo.

Nilimwomba afute sifa zote tuone kitakachosalia. Ilisalia mistari miwili. Tukaanza upya: Ushahidi ni programu huria, hukusanya ripoti za wananchi, zikiwemo zinazotumwa kwa arafa na kwa mtandao, na kuzionyesha kwenye ramani, mnamo Januari 2010 ilitumiwa Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Hapo msomaji amepata kitu cha kushika. Nikauliza pia: ripoti ya mtu asiyejulikana inathibitishwaje kabla ya kuwekwa kwenye ramani? Swali hilo lazima liwemo.

"Kwani Prof, hiyo si kuiharibia jina programu ya Wakenya wenzetu?" akaniuliza.

Swali lake si la kupuuzwa. Uzalendo ni mtego mtamu kuliko hata pesa, kwa sababu anayenaswa hujiona anatenda wema. Lakini msomaji wa Kiswahili akitafuta habari za programu fulani, huenda makala hayo ndiyo pekee atakayoyapata katika lugha yake. Yakiegemea upande mmoja, hana pengine pa kuyalinganisha.

Hata wakubwa wamejikwaa papa hapa. Mnamo Januari 2007, mtaalamu mmoja wa Australia, Rick Jelliffe, alifichua mwenyewe kwamba Microsoft ilikuwa imetaka kumlipa arekebishe makala ya Wikipedia kuhusu mifumo ya nyaraka, ukiwemo Office Open XML wa kampuni hiyo. Microsoft ilisema makala hayo yalikuwa na makosa. Jimmy Wales, mwanzilishi mwenza wa Wikipedia, hakuficha kusikitishwa kwake. Mimi sina haja ya kudai kwamba Jelliffe angeandika uongo. Pengine angesahihisha vizuri tu. Shida ni kwamba msomaji hangejua kalamu imelipiwa na nani. Njia iliyo wazi ni kuyataja makosa katika ukurasa wa majadiliano, wengine wayapime. Tangu 2014, masharti ya Wikimedia yanamtaka anayelipwa kuhariri aseme hivyo hadharani.

Je, tovuti ya wenye programu haifai kabisa? Inafaa kwa mambo yasiyo na ubishi, kama vile tarehe ya toleo jipya au aina ya leseni. Kuhusu ubora, hapana. Muuza maembe haulizwi kama maembe yake ni matamu.

Na sisi wa magazeti tusijitoe lawamani. Mwandishi akinakili taarifa ya kampuni neno kwa neno, gazeti likaichapa, kisha kamusi elezo ikalitaja gazeti, hapo hatujapata vyanzo viwili. Ni kimoja kilichovaa kanzu mbili. Ni mara ngapi umesoma kwa Kiswahili uchambuzi wa mtu aliyeitumia programu kwa miezi kadhaa, akaeleza ilipomfaa na ilipomkwamisha?

Mwanafunzi wangu amerudi na rasimu ya pili. Safari hii kuna vitabu, magazeti na utafiti mmoja usioipendelea programu hiyo hata kidogo. Katika aya ya tatu bado pamejificha "inawezesha" moja. Nimeizungushia duara jekundu.