Aikoni Zote Zinang'aa Sawa

Simu mpya ikiwashwa kwa mara ya kwanza huanza kwa maswali. Lugha gani? Wi-Fi ipi? Kisha, kabla mwenye simu hajaitumia kwa lolote, anaulizwa kama programu na data zake za zamani zirejeshwe kutoka kwenye nakala iliyohifadhiwa mtandaoni. Skrini hizi zimetungwa na watu. Zina mpangilio, zina msimulizi na zina ukimya wake, kwa hiyo zinastahili kuhakikiwa kama utungo mwingine wowote. Mimi naona fani yake inasimulia vizuri kilichorudi, na inanyamaza kabisa kuhusu kisichorudi.

Mahali pa swali penyewe pana tatizo. Kwenye iPhone, aliyelipita swali hilo akaanza kutumia simu, kwa kawaida hulazimika kufuta kila kitu ndipo aulizwe tena. Uamuzi mzito kuliko yote umewekwa kwenye kurasa za mwanzo, wakati msomaji ana haraka ya kuiona simu yake, na njia ya kuukwepa iko palepale chini.

Anayekubali, kwenye Android, huletewa orodha ya nakala: jina la simu na tarehe. Ni maneno machache, lakini taharuki ya kweli imo humo. Tarehe ikiwa ya jana usiku, mtu anashusha pumzi. Ikiwa ya wiki kadhaa nyuma, anaanza kukumbuka yaliyoingia baada ya siku ile: meseji za deni, namba za waliompigia. Tena tarehe hiyo ina mpaka usiotajwa hapo. Simu isipotumika kwa siku 57, nakala yake inaweza kufutwa. Aliyeibiwa simu mwezi Januari akapata pesa ya kununua nyingine mwezi Aprili anaweza kukuta orodha tupu, isiyo na hata sentensi moja ya kumweleza kwamba palikuwa na kitu.

Ukurasa unaofuata ndio uliotungwa kwa ufundi mkubwa zaidi. Unadai namba ya siri, mchoro au nenosiri lililokuwa likifungulia simu ya zamani. Tangu Android 9, ya mwaka 2018, data ya programu inaweza kufungwa kwa ufunguo unaotegemea siri hiyo, kiasi kwamba Google yenyewe haiwezi kuisoma. Wengi hukasirika hapa, hasa waliokwisha kuisahau. Lakini fani na maudhui vimeshikana: mtu anathibitisha kwamba data ni yake kwa kutaja jambo ambalo hakuna kampuni inayolijua.

Halafu huja aikoni. iPhone huzirudisha kwanza zikiwa zimefifia, kila moja mahali pake pa zamani, kisha zinakolea moja baada ya nyingine kadiri programu zinavyopakuliwa. Naupenda mtindo huu kwa kuwa unakiri pengo: umbo limefika, kiini kiko njiani. Shida huanza zikishakolea, kwa sababu zote hung'aa sawa, iwe iPhone au Android. Katika utaratibu wa kunakili data uliokuja na Android 6.0 mwaka 2015, kila programu ilipewa nafasi ya megabaiti 25 tu, na mtengenezaji anaweza kukataza data ya programu yake isinakiliwe kabisa. Programu za benki mara nyingi hufanya hivyo, kwa sababu za usalama ambazo nazielewa. Hivyo aikoni iliyorudi na kumbukumbu zake zote hukaa bega kwa bega na iliyorudi tupu, na jicho haliwezi kuzitofautisha. Msimulizi anajua zaidi ya anavyosema.

WhatsApp imelitunga tukio hilohilo kwa uangalifu zaidi. Namba ya simu ikishathibitishwa, skrini moja inataja nakala ni ya lini na ina ukubwa gani. Ukubwa ni habari nzito kwa anayetumia bando: anajua aendelee sasa au asubiri Wi-Fi. Kisha maneno hurudi kwanza, picha na video hufuata taratibu, kwa hiyo mazungumzo yanasomeka kabla hayajakamilika. Tena ukurasa huo huonya kwamba usiporejesha sasa hutaweza kurejesha baadaye, na onyo hilo lina uzito. Kwa aliyeruka, kunakili kukiwashwa upya, nakala mpya huchukua nafasi ya ile ya zamani, na miaka ya mazungumzo hupotea kwa kuguswa kitufe kimoja.

Ninachokidai ni ukurasa mmoja wa ziada mwishoni: orodha ya programu zilizorudi bila data zake. Haiko nje ya uwezo, kwani katazo la kunakili limeandikwa ndani ya programu yenyewe na mfumo unalisoma. Orodha hiyo ije kabla skrini haijatangaza kwamba kazi imekwisha, ili mtu ajue ni programu zipi azihamishe kwa mkono wakati simu ya zamani bado anayo, hajaifuta wala hajampa mdogo wake.