Kumpima Farasi Kijana

Tulipokuwa watoto hapa Pemba, hakuna kilichotufurahisha kama mchezo wa ng'ombe. Kaskazi ikishaingia na mabonde yakakauka, watu walikwenda Kengeja, na wengine Wingwi, kuwatazama madume wakichezwa. Ng'ombe wetu hauawi. Hufungwa kamba ndefu, akachokozwa kwa nguo, vijana wakamkimbia na kumrudia huku wanawake wakiimba, kisha akarudishwa kwao akiwa mzima. Kabla ya mchezo wazee walikuwa wakiwazunguka madume wachanga na kuwapima. Huyu ana nundu nzuri, yule macho yake makali, huyu mama yake alikuwa hashikiki. Mzee mmoja wa ukoo wetu, aliyesifika kwa kuwajua ng'ombe, alikuwa akiulizwa habari za dume jipya hujibu neno moja tu: "Hajachezwa." Sisi vijana tulimwona mchoyo wa maneno. Imenichukua zaidi ya miaka hamsini kumfahamu, na aliyenifahamisha hakuwa ng'ombe bali farasi.

Farasi wa mbio sisi Pemba hatunao. Mwezi wa Machi 2018 nilikwenda Dubai kumtembelea mwanangu, na tarehe 31 ya mwezi huo akanichukua uwanja wa Meydan, siku ya Kombe la Dunia la Dubai. Kwanza nilimwuliza kama pana kamari. Akaniambia, "Hapana baba, sheria ya hapa hairuhusu." Basi nikakaa kwa raha. Miongoni mwa mbio za siku ile ilikuwamo UAE Derby, ya farasi vijana, mwendo wa mita 1,900. Farasi mmoja aliyefunzwa Ireland na Aidan O'Brien, jina lake Mendelssohn, alichomoka tangu mwanzo, akashika mbele, na alipofika mwisho alikuwa amewaacha wenzake kwa urefu wa farasi 18 na nusu. Watu walisimama. Na mimi nilisimama, mzee mzima na kofia yangu mkononi.

Niliporudi Wete nikawa mtaalamu wa barazani. Niliwaeleza wenzangu kuwa mwezi wa Mei farasi huyu atakwenda Marekani kwenye Kentucky Derby, na kwamba hapana wa kumshinda. Nilisema kwa sauti ya mwalimu mkuu, na msomaji anajua kuwa sauti hiyo haizoei kubishiwa. Mbio zilikimbiwa tarehe 5 Mei, usiku wa manane wa kwetu. Asubuhi mwanangu akanipigia simu. Walikimbia farasi 20, na Mendelssohn alikuwa wa 20.

Nimeifikiri sana aibu ile ndogo, kwa sababu kosa langu ndilo kosa la wengi, na wanaolifanya si watu wa farasi peke yao.

Tuanze na mbio zenyewe. Kentucky Derby imekuwa ikikimbiwa Louisville tangu mwaka 1875. Mwendo wake leo ni maili moja na robo, yaani kama kilomita mbili, na wanaoruhusiwa ni farasi wa miaka mitatu tu. Farasi huipata nafasi hiyo mara moja katika umri wake. Tena umri wenyewe ni wa daftari. Farasi wote wa huko huhesabiwa kuwa wametimiza mwaka kila tarehe 1 Januari, ikawa aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Mei wamo darasa moja. Na wengi wao, mpaka siku ile, hawajapata hata mara moja kukimbia mwendo mrefu kama ule. Kwa hiyo anayewapima huwa anawapima kwa kazi ambayo hawajaifanya.

Huwapima kwa nini? Kwanza kwa nasaba. Mshindi wa mwaka ule wa 2018 aliitwa Justify. Yeye na Mendelssohn baba yao ni mmoja, Scat Daddy, na wote wawili waliuzwa katika mnada mmoja wa Keeneland, Septemba 2016. Mendelssohn aliuzwa kwa dola milioni 3, Justify kwa dola laki 5. Baba mmoja na mnada mmoja, lakini siku ya siku mmoja alikuwa wa kwanza na mwenziwe wa mwisho.

Pili kwa umbo. Mwaka 1961 alizaliwa Canada farasi aliyeitwa Northern Dancer. Alipotimia mwaka mmoja mwenyewe alimtia sokoni kwa dola 25,000, na hapana aliyemtaka, maana alikuwa mfupi. Mwaka 1964, mwaka wa Mapinduzi yetu, mfupi huyo alishinda Kentucky Derby kwa dakika mbili kamili, na rekodi yake haikuvunjwa mpaka Secretariat alipokuja mwaka 1973.

Tatu kwa bei. Mwaka 1983 mtoto mmoja wa huyo huyo Northern Dancer, aliyeitwa Snaafi Dancer, alinunuliwa na Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum wa Dubai kwa dola milioni 10.2. Hakukimbia hata shindano moja, kwa kuwa mazoezini walimwona mzito. Tazama basi mambo ya ulimwengu. Baba hakupata mnunuzi wa dola 25,000, na mtoto akalipiwa mamilioni kwa sababu ya baba yule yule.

Nne kwa kanuni za wazoefu. Walikuwa wakisema kwamba farasi asiyekimbia akiwa na miaka miwili hawezi kushinda Kentucky Derby, kwani hapana aliyewahi tangu Apollo mwaka 1882. Justify alikimbia shindano lake la kwanza tarehe 18 Februari 2018, akiwa na miaka mitatu, na siku 76 baadaye kanuni ya miaka 136 ikavunjika.

Sitaki msomaji anielewe vibaya. Sisemi kuwa alama hizi ni upuuzi. Northern Dancer alikuja kuwa mmoja wa mababa wakubwa kabisa katika historia ya farasi wa mbio, na hilo peke yake linatosha kutuonyesha kuwa nasaba ni kitu. Anayenunua farasi wa ukoo mzuri, mwenye miguu iliyonyooka na kifua kipana, si mjinga. Lakini alama hizo hutuambia wapi pa kutafuta tu. Nani atakayeshinda hazimtaji, na sisi tukishaziona hujifanya tumekwisha kuambiwa.

Kosa langu mimi, hata hivyo, lilikuwa la namna ya tano, na ndilo ninalolitaka hasa. Mimi sikudanganywa na bei wala nasaba. Nilidanganywa na ushindi. Nilimwona Mendelssohn akishinda kwa umbali mkubwa nikadhani nimekwisha kumjua. Nikiyakumbuka mashindano yale leo naona kwamba Meydan hapana aliyemgusa. Alikaa mbele peke yake, njia nyeupe, hana wa kumbana ubavu. Louisville ilinyesha mvua kubwa na kiwanja kikawa tope. Alipotoka tu mlangoni alipigwa kikumbo, akabaki nyuma, akala matope ya wenzake. Jambo hilo hakupata kuulizwa Dubai. Ushindi mkubwa mno huenda ukatufunza kidogo kuliko ushindi wa shida, kwa sababu ndani yake mshindi hakuulizwa kitu. Anayetaka kumjua farasi kijana amtazame akiwa amebanwa: anafanya nini akigongwa, anapumua vipi mwisho wa mwendo, na jioni yake akirudi bandani anakula au anasusa.

Waliosoma hadithi watakumbuka kwamba Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi waliotayarishwa kwa mwendo mrefu, na wasiotayarishwa kwa mwendo mfupi. Naona hapo mna insafu ambayo sisi wapimaji hutupita. Kila mmoja apewe mwendo wa kadiri ya matayarisho yake, na hukumu isivuke mwendo huo.

Nami nina la kukiri. Nilipokuwa nikifundisha katika chuo cha ualimu niliwahi kukaa katika meza ya kuwahoji vijana waliotaka kujiunga. Alikuja kijana mdogo wa mwili, mwenye kigugumizi, shati lake limepauka. Kabla hajamaliza kujitaja jina nilikuwa nimekwisha kuandika: "Hafai kusimama mbele ya darasa." Aliyemfuata alikuwa na kimo, sauti ya khatibu, na baba aliyejulikana. Huyo tukampokea kwa mikono miwili. Mwaka wa pili, alipopelekwa kufanya mazoezi katika skuli ya shamba yenye watoto themanini chumbani, aliondoka siku ya tisa na hakurudi tena. Yule wa kigugumizi aliomba tena mwaka uliofuata, mimi sikuwamo mezani, wakamchukua. Baada ya miaka mingi nilikwenda kukagua skuli moja na nikamkuta anafundisha hesabu za sehemu kwa chungwa na kisu. Kila aliposhikwa na kigugumizi watoto walimngoja kimya, na kwa kumngoja walikuwa wakifikiri. Sijaona somo la hesabu zuri kuliko lile. Alinipokea kwa heshima: "Shikamoo Maalim." Sikujua kama alinikumbuka, wala sikuthubutu kumwuliza. Mwaka mmoja wa umri wake nilimpotezea kwa sentensi moja.

Farasi akihukumiwa vibaya hasara ni ya mfuko wa tajiri. Na hata yeye hupata kurudi uwanjani. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule wa 2018 Mendelssohn alikimbia Travers huko Saratoga, mwendo ule ule wa maili moja na robo uliomshinda Mei, akashika nafasi ya pili. Kwa hiyo hata niliposema barazani, kwa kujifariji, kwamba mwendo ulimzidi, nilikosea mara ya pili.

Siku hizi wajukuu huniletea picha za farasi katika simu ifikapo Mei, wakataka niwachagulie. Nawaambia nilichokiona: huyu amekimbia kiasi hiki, juu ya udongo huu, na aliposongwa alifanya hivi. Wakinibana nitaje mshindi nawapa jibu la yule mzee wa Kengeja. Nao hunitazama kama nilivyomtazama mimi.